Kipande na Wasifu

Kijana aliyemaliza masomo akaanza kutafuta kazi huombwa karatasi moja kabla hajaonana na mtu yeyote. Karatasi hiyo leo huitwa wasifukazi. Jina lake, mahali alipozaliwa na shule alizosoma huyaandika upesi. Afikapo penye kichwa cha Uzoefu wa Kazi, kalamu husita. Hajapata kuajiriwa. Hana barua ya uteuzi, wala hati ya mshahara, wala jina la mkubwa aliyemtuma. Aghalabu huandika neno moja, Sina, au huacha mahali pale patupu. Na wengine, kwa hofu, hupajaza uongo. Neno hilo Sina lina historia yake. Halikuzaliwa na uvivu wa kijana wala na uchache wa matendo yake. Lilizaliwa na namna kazi ilivyoandikwa katika Afrika Mashariki, tangu siku ambazo mwenye kuandika alikuwa mwajiri, na mwenye kuandikwa alikuwa mtumishi.

Lugha yenyewe yaonyesha ugumu wa jambo hili. Wasifu na sifa ni maneno ya mzizi mmoja uliotoka katika Kiarabu, na sifa katika Kiswahili ina maana mbili. Sifa ni hali aliyo nayo mtu au kitu: urefu ni sifa ya mnazi, na tangazo la kazi hutaja sifa za mwombaji. Sifa pia ni maneno ya kutukuza, na mtu apendaye sifa hapendwi. Kijana aliyelelewa vema amefundishwa kuiogopa sifa ya pili, na kwa kuiogopa hushindwa kuitaja ile ya kwanza. Hukumbuka methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akaona kuwa kujieleza ni kujitembeza. Haya hiyo ni adabu njema, wala haifai kudharauliwa. Walakini haya peke yake haitoshi kueleza kwa nini mtu aliyefanya kazi tangu utoto wake aandike kwamba hana kazi aliyoifanya. Sababu ya pili imo katika karatasi za zamani.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walikuwa wakijitayarisha kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Katika ngome ya Chogwe, karibu na mto Pangani, walimkuta askari wa Sultani wa Unguja aitwaye Sidi Mubarak, maarufu kwa jina la Bombay. Alikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Uhindi, akakaa huko miaka mingi katika utumwa mpaka bwana wake alipokufa. Ndipo akawa huru, akarudi Afrika. Lau angaliulizwa uzoefu wake wa kuongoza misafara ya Wazungu, angalijibu kwamba hana. Kitu alichokuwa nacho ni Kihindustani, na Speke, aliyetumika katika jeshi la Uhindi, aliijua lugha hiyo. Basi lugha aliyojifunza bila ujira, katika utumwa, ndiyo iliyomfungulia mlango. Baadaye alifuatana na Speke na Grant katika safari ya chimbuko la Nile, 1860 hadi 1863. Akawa na Stanley mwaka 1871. Kisha na Cameron katika safari iliyoanza mwaka 1873 ikavuka bara hata pwani ya Atlantiki. Lakini habari za maisha yake, hata za utoto wake, zimeingia vitabuni kwa kalamu ya Speke na wenzake. Bombay alisema, mwajiri aliandika, na katika kuandika alichagua la kubakiza na la kuacha.

Desturi hiyo ya mwajiri kushika kalamu iligeuzwa kuwa sheria katika karne ya 20. Nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya miaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 alitakiwa kuchukua kipande. Ndani yake mlikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake, tarehe za kuingia na kutoka kazini, na mshahara. Wengi walikitia katika kikopo cha bati wakakivaa shingoni kwa kamba. Mtu alipoacha kazi, mwajiri alipaswa kutia sahihi. Bila ya sahihi hiyo hakuweza kuandikwa kwingine kwa halali, na akitoroka aliweza kusakwa kwa alama za vidole vyake. Katika Tanganyika neno hilohilo lilikuwa na maana nyingine: kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, kama katika mashamba ya mkonge, na siku ilihesabiwa pale tu ilipotiwa alama na msimamizi. Ujira ulilipwa kadi ilipojaa.

Karatasi hizi zilifundisha vizazi kazi ni nini. Kazi ikawa ile iliyotiwa sahihi. Mtu aliyelima shamba la mama yake misimu kumi, aliyetega madema baharini, aliyejenga nyumba za jirani zake, au aliyesomesha watoto Kurani barazani, kipande chake kilikuwa kitupu sawa na cha mtu aliyelala. Mwanamke wa Kenya hakupewa kipande kabisa, na kazi yake haikupata hata mahali pa kuachwa wazi.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku, mtumishi wa simu katika idara ya hazina mjini Nairobi, aliongoza chama kilichoitwa East African Association. Chama hicho kilipinga kipande, nyongeza ya kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliotaka afunguliwe ulipigwa risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, na wengine walisema walizidi. Miongoni mwao alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyesimama mbele ya wanawake akiwahimiza wanaume wasirudi nyuma. Kipande kilidumu miaka mingi baada ya damu hiyo, hata sheria mpya ya mwaka 1947 ilipoleta kitambulisho kwa watu wa mbari zote. Kikopo kiliondoka shingoni. Maana ya kazi iliyokuwa ndani yake ilibaki ofisini.

Baada ya uhuru palikuwa na jitihada za kuigeuza maana hiyo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akalaumu shule zinazomfundisha mtoto kuthamini kitabu na kudharau maarifa ya wazee wake wasiosoma. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Nia ilikuwa kuipa kazi heshima mbele ya mtihani. Hata hivyo ushahidi uliotakiwa ulikuwa bado ni neno la mkubwa wa kazi, na utaratibu huo ulilegezwa baadaye. Kijana wa leo amerithi ofisi inayouliza swali lilelile la kipande: nani alikuajiri, tangu lini, hata lini?

Lakini wasifukazi watofautiana na kipande kwa jambo moja kubwa: kalamu iko mkononi mwa mwenye maisha. Asipoitumia, amejiandikia kipande kitupu kwa mkono wake mwenyewe. Mathalani msichana wa Tanga aliyekuwa akiuza samaki pamoja na mama yake. Hana mwajiri. Lakini aliamka alfajiri kwenda mnadani, alikadiria bei kabla samaki hawajaharibika, aliandika madeni ya wateja katika daftari, akayadai mwisho wa mwezi. Akiandika kwamba alimsaidia mama yake, amesema kweli, na msomaji hakuona kitu. Akiandika kwamba kwa miaka miwili alinunua mnadani, alipanga bei na kutunza daftari la madeni, kisha akataja mtu wa sokoni ajuaye mambo hayo na aliyekubali kuulizwa, ameleta tendo, kadiri na shahidi. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokuwa nguvu ya kipande, nayo hayana haja ya mwajiri. Yanapatikana kwa mtunza fedha wa upatu, kwa katibu wa chama cha mjadala shuleni, kwa kijana aliyesomesha hesabu watoto wa mtaa, na kwa mwanafunzi aliyekwenda mafunzo kwa vitendo wiki sita.

Mpaka wa maneno hayo ni ukweli. Msichana yule akijiita meneja wa kampuni ya samaki, amehama kutoka sifa ya kwanza kwenda sifa ya pili, na swali moja la kwanza litamwumbua. Akiyataja madeni aliyoyadai na siku aliyokosea hesabu akaisahihisha, swali hilohilo litamsaidia, kwa kuwa anajibu mambo aliyoyaishi.

Yasalia methali, nayo yaweza kupimwa kwa maisha ya mtu ambaye habari zake zimo katika kitabu chenye jina hili la wasifu. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Siti alikuwa binti wa watu wanyonge, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Hakusoma. Alichukua vyungu akavitembeza, akivinadi kwa sauti ambayo, kama isimuliwavyo, watu waliitambua kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, na mwaka 1928 sauti hiyo ilitiwa katika santuri huko Uhindi. Lau angaliombwa kuandika kazi alizowahi kuzifanya siku aliyoingia mjini, angaliweza kutaja vyungu tu. Na katika kuvinadi vyungu ndimo sauti yake ilimokuwa ikifanya kazi miaka yote.

Vyungu vya Fumba vilikuwa vyema, na bado vilitembezwa, maana njia ilikuwa ndefu kutoka kwa mfinyanzi hadi kwa mnunuzi. Methali ni ya kweli pale mnunuzi awezapo kukigonga chungu kwa kidole akausikia mlio wake. Ofisi iliyo mbali haiusikii. Hapo mwenye chungu sharti aseme kimefinyangwa wapi, kimechomwa namna gani, na nani amekipikia. Asiposema, asomaye karatasi atadhani hapana chungu.