Ruhusa ya Hakimiliki katika Akili Unde Zalishi

Ruhusa hii ni idhini ya mwenye kazi ili maandishi, picha au muziki wake utumike kufunza modeli ya kompyuta, au uingizwe humo ufupishwe na kutafsiriwa. Kiini chake ni kunakili: modeli haifunzwi kabla kazi haijanakiliwa na kuhifadhiwa kwenye seva, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 humpa mtunzi haki ya pekee ya kuruhusu nakala. Ndiyo maana ruhusa iombwe mapema, na iombwe kwa mtunzi mwenyewe.

Wapinzani husema kazi ni mamilioni na wenyewe hawapatikani. Mwaka 2024 mchapishaji HarperCollins alionyesha kwamba wanapatikana. Alipopatana na kampuni moja ya teknolojia, aliwaandikia waandishi wa baadhi ya vitabu vyake visivyo vya kubuni: dola 5,000 kwa kitabu kwa miaka mitatu, nusu kwa mwandishi na nusu kwa mchapishaji, na asiyetaka akatae. Wapo waliokataa. Bei ina ubishi, na ubishi huo ni halali, lakini mwandishi aliulizwa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mashine hujifunza kama msomaji. Juni 2025, huko San Francisco, Jaji William Alsup aliamua kuwa kufunza modeli kwa vitabu vilivyonunuliwa ni matumizi ya haki kwa sheria ya Marekani. Hata hivyo, hakukubali vitabu vilivyopakuliwa kutoka maktaba za wizi mtandaoni, na kampuni ya Anthropic, iliyoshtakiwa katika kesi hiyo, ikaridhia kulipa dola bilioni 1.5, takriban 3,000 kwa kitabu. Uamuzi huo haufungi mahakama za nchi nyingine. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2019, umeruhusu uchambuzi wa matini kwa kompyuta isipokuwa mwenye haki awe ameuzuia. Hapo anayenyamaza huhesabiwa amekubali, jambo linalomwonea mtunzi asiye na wakili.

Kwa waandishi wa Kiswahili, tatizo la karibu zaidi ni mikataba ya zamani ya uchapishaji, iliyotiwa saini kabla mashine hizi hazijafikiriwa. Mchapishaji asidhani amekabidhiwa haki ambayo haikutajwa. Ruhusa mpya itaje kitabu chenyewe, kama ni cha kufunzia au cha kujibia maswali, kwa muda gani, na nakala zitafutwa lini.