Pikipiki kongwe za Italia: Hatari ya kuhesabu kilomita na kusahau kalenda

KATIKA masoko ya pikipiki kuukuu barani Ulaya, hapakosi tangazo la namna hii: Ducati nyekundu ya miaka ya 90, mmiliki mmoja, kilomita 9,000 pekee kwenye mita, imehifadhiwa katika gereji kavu kwa miaka 12. Mnunuzi asiyejua huiona kama dhahabu iliyookotwa jaani. Fundi anayezifahamu pikipiki hizo huuliza swali moja kabla hata ya kuugusa ufunguo: mikanda ya injini ilibadilishwa lini?

Ikiwa jibu ni kwamba haijawahi kubadilishwa, basi injini hiyo haifai kuwashwa hata kwa dakika moja ya kumridhisha mteja.

Swali hilo ndilo linaloamua iwapo mnunuzi atapata starehe au hasara. Kwa miongo mingi, pikipiki za spoti kutoka Italia zimebandikwa sifa ya kuharibika ovyo. Sehemu ya sifa hiyo ni stahili yao, hasa kwa upande wa umeme. Hata hivyo, sehemu kubwa imetokana na wamiliki waliozitunza kama pikipiki nyingine yoyote, wakahesabu kilomita na kuisahau kalenda.

VALI ISIYOTEGEMEA SPRINGI

Kampuni ya Ducati ilianzishwa mjini Bologna mwaka 1926, ikitengeneza vipuri vya redio. Iliingia katika biashara ya pikipiki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda chake cha Borgo Panigale kikiwa kimebomolewa na mabomu mwaka 1944. Mwaka 1954 ilimwajiri mhandisi Fabio Taglioni, na ni uamuzi wake mmoja ambao hadi leo humfanya mwenye Ducati kongwe amtafute fundi mahsusi badala ya fundi yeyote wa mtaani.

Katika injini ya kawaida, ikiwemo ile ya pikipiki ya bodaboda, kamshafti huisukuma vali ifunguke, kisha springi huirudisha mahali pake. Injini ikizunguka kwa kasi mno, springi huchelewa. Vali hubaki ikielea, na pistoni inayopanda huweza kuigonga. Springi za miaka ya 50 zilikuwa dhaifu na zilikatika mara kwa mara, jambo lililowakosesha wengi ushindi mashindanoni.

Taglioni aliinyang'anya springi kazi hiyo. Kijikono kimoja cha chuma huifungua vali, na kijikono cha pili huivuta na kuifunga. Mtindo huo huitwa desmodromiki, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kifungo na mwendo. Hakuwa wa kwanza kuuwaza. Mercedes-Benz waliutumia katika gari lao la mashindano la mwaka 1954. Yeye aliufanya udumu. Mwaka 1956 pikipiki yake ya cc 125 ilishinda mashindano ya Grand Prix ya Sweden, na mwaka 1968 mtindo huo ukaanza kuuzwa katika pikipiki za barabarani.

Ushindi uliojenga jina la kampuni ulifuata. Mnamo Aprili 1972, Paul Smart na Bruno Spaggiari walichukua nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio za maili 200 za Imola, wakiendesha Ducati za cc 750. Mwaka 1978 Mike Hailwood, aliyekuwa amekaa miaka 11 bila kushiriki mbio za TT katika Kisiwa cha Man, alirejea huko na Ducati na kushinda. Pikipiki za barabarani zilizozaliwa na ushindi huo sasa ni mali ya wakusanyaji wenye fedha.

RABA ILIPOCHUKUA NAFASI YA CHUMA

Injini za akina Smart na Hailwood zilizungusha kamshafti kwa shafti ndefu na giya zenye meno ya mshazari. Zilipendeza machoni, lakini kuziunganisha kulihitaji fundi mwenye subira na saa nyingi za kupima vijibati vya kuweka nafasi kati ya meno. Gharama ilikuwa kubwa. Mwaka 1979 kampuni ilitoa Pantah ya cc 500, ambayo kamshafti zake zilizungushwa na mikanda miwili ya raba yenye meno, mmoja kwa kila silinda. Kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata, karibu kila Ducati ya silinda mbili ilitumia mikanda ya aina hiyo, ikiwemo 851 ya mwisho wa miaka ya 80, 900 SS ya miaka ya 90 na 916 ya mwaka 1994, aliyoichora Massimo Tamburini na ambayo Carl Fogarty aliitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka huo na mwaka uliofuata.

Tatizo ni kwamba raba huzeeka hata ikiwa imelala. Mkanda uliokaa miaka mingi bila kuzunguka hukakamaa na kushika umbo la gurudumu ulilolizunguka. Injini ikiwashwa, sehemu hiyo iliyokunjika hulazimishwa kunyooka maelfu ya mara kwa dakika. Ukikatika, au meno yake yakiruka, kamshafti husimama ilhali pistoni zinaendelea. Vali zilizobaki wazi hugongwa na kupinda. Pengine pistoni hutoboka. Hayo yakitokea pikipiki ikiwa mwendoni, injini huweza kukwama na gurudumu la nyuma likajifunga, na hapo si fedha tu zilizo hatarini.

Kwa modeli za miaka ya 90, utaratibu unaofuatwa ni kubadilisha mikanda kila kilomita 20,000 au kila miaka miwili, lolote litakalotangulia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Pikipiki hizi ni za starehe. Wengi huziendesha kilomita 2,000 kwa mwaka, na kwa hesabu ya mita pekee mkanda ungedumu miaka 10. Bei ya mikanda miwili ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kufufua injini iliyopinda vali.

Mkanda mpya nao una adabu zake. Ukikazwa kupita kiasi huchosha beringi. Ukilegezwa huruka meno. Mafundi makini hupima mkazo huo kwa kifaa, na kabla ya kuwasha huizungusha injini kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa, kuhakikisha hakuna kinachogonga.

VIPIMO VINANE AU KUMI NA SITA

Gharama inayowakimbiza wengi ni ya vali. Kwa kuwa kila vali ina kijikono cha kufungua na cha kufunga, ina nafasi mbili za kupimwa. Injini ya 900 SS, yenye vali mbili kwa kila silinda, ina vipimo vinane. Ile ya 916, yenye vali nne kwa kila silinda, ina vipimo 16. Kazi hiyo hupangwa kila kilomita 10,000 hivi, na hufanywa kwa sehemu za mia za milimita. Panapozidi au kupungua, fundi hubadilisha kijikofia cha chuma kilicho kwenye shina la vali kwa kingine chenye unene tofauti.

Kwenye 900 SS, mmiliki mwenye spana nzuri na utulivu anaweza kujifunza kuifanya mwenyewe katika siku za mapumziko. Kwenye 916, ni lazima kwanza aondoe ganda la plastiki, tangi na makasha ya hewa, na kuisogeza radieta, kabla hajaziona vali zenyewe. Hapo ndipo bili ya gereji hupanda. Aidha, vijikono vya baadhi ya injini za miaka ya 90 zenye vali nne vilikuwa na tabia ya kubanduka chembe za kromu, kwa hivyo kila vifuniko vinapofunguliwa ni busara kuvikagua kwa tochi.

Moto Guzzi ni habari tofauti. Kampuni hiyo ya Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como, iliyoanzishwa mwaka 1921, ilitoa 850 Le Mans mwaka 1976. Silinda zake mbili zimechomoza kulia na kushoto kama mabega, vali zake hutumia springi za kawaida, na marekebisho hufanywa kwa skrubu na nati. Mtu anaweza kuanza baada ya kiamshakinywa na kumaliza kabla ya chai ya saa nne. Haina hata mnyororo. Gurudumu la nyuma huzungushwa na shafti. Kwa anayetaka pikipiki kongwe ya Italia bila kuwa mateka wa fundi, huu ndio mlango wa kuingilia. Laverda za Breganze nazo, hasa Jota ya silinda tatu, zina nguvu na sauti ya kutisha, ila vipuri vyake vinahitaji mtafutaji mwenye bidii.

UMEME NA PETROLI

Umeme ndio uliozipa pikipiki hizi jina baya, na mara nyingi chanzo ni kitu kidogo. Viunganishi vya nyaya hushika kutu, hupata moto, na plastiki yake hugeuka kahawia. Kidhibiti cha kuchaji huungua, betri hufa, na mwenyewe hulaumu taifa zima la Waitalia. Kusafisha viunganishi, kukaza waya wa ardhi na kupima volti za kuchaji ni kazi ya alasiri moja.

Petroli ya siku hizi yenye ethanoli ni adui mwingine. Ducati za spoti za mwanzo wa miaka ya 70 zilikuwa na matangi ya faibaglasi, na ethanoli huilainisha gundi yake hadi utomvu ukafika kwenye kabureta. Kwa matangi ya chuma, tatizo ni kutu pikipiki inapokaa na tangi nusu tupu. Maji ya breki na ya klachi nayo hubadilishwa kila miaka miwili, na tairi huhukumiwa kwa umri. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 1912 ni wiki ya 19 ya mwaka 2012, na tairi kama hiyo haifai tena, hata meno yake yakiwa mazima.

BARABARANI

Anayepanda 916 kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: uzuri wake kwenye kona ya kasi, na mateso yake mjini. Usukani uko chini na uzito wote huangukia viganja. Unapokata kona ya maegesho, usukani hugota mapema na kidole gumba hubanwa. Mabomba ya moshi chini ya kiti humchoma mwendeshaji polepole katika msongamano. Klachi kavu hulia kama sufuria iliyojaa sarafu, sauti ambayo mgeni huidhania ni ubovu ilhali ni kawaida yake.

Silinda mbili kubwa hazipendi giya ya juu injini ikizunguka polepole. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika hutikisika na kuuvuta mnyororo kwa vishindo. Zinapenda kupashwa moto kwa upole, kisha kuachwa zivute. Ducati za miaka ya 70, kwa urefu wake, huinama taratibu na kutulia kwenye kona kama garimoshi kwenye reli. Kwenye Le Mans, mwendeshaji hafungi mafuta ghafla katikati ya kona, kwani shafti huifanya sehemu ya nyuma ishuke na kumpotezea nafasi ya kuinama. Kanyagio lake la breki hukamata gurudumu la nyuma pamoja na diski moja ya mbele, jambo linalomchanganya aliyezoea pikipiki nyingine.

Ducati yenyewe ilianza kuachana na baadhi ya masharti haya. Panigale 1199 ya mwaka 2012 iliondoa mikanda na kutumia mnyororo wa ndani, na injini ya V4 Granturismo iliyotangazwa mwaka 2020 ilirudi kwenye springi, vali zake zikikaguliwa kila kilomita 60,000.

Kwa zile kongwe, mnunuzi hana budi kudai stakabadhi. Ducati yenye kilomita 50,000 na faili la risiti zinazoonyesha mikanda ikibadilishwa kila miaka miwili ni bora kuliko ile ya kilomita 9,000 isiyo na karatasi hata moja. Akishaivutiwa hiyo ya pili na kuinunua licha ya yote, basi aisafirishe kwa lori hadi kwa fundi, injini ikiwa imezimwa.