Mwarobaini: Jina Lake na Haki Yake

Mwarobaini ni mti ujulikanao sana pwani, toka Mombasa hata Unguja na Dar es Salaam. Husemwa kwamba jina lake limetokana na magonjwa arobaini yaponywayo nao. Lakini ukiwauliza wazee ni magonjwa gani hayo, ni shida kupata wawili wenye hesabu moja.

Wala si ajabu. Arobaini, neno tulilolipata kwa Waarabu, katika desturi si hesabu tu, bali ni utimilifu. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Marehemu husomewa hitima ya arobaini. Siku za mwizi ni arobaini. Na Bwana wetu alifunga siku arobaini. Basi jina lasema kwamba manufaa ya mti huu ni mengi. Halisemi kwamba waponya kila ugonjwa.

Asili yake si huku, bali Bara Hindi na nchi za jirani. Linnaeus, alipouandika mwaka 1753, alitumia jina lenye asili ya Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru.

Majani yake machungu huchemshwa, na maji yake hunywewa kwa homa na kuogewa kwa upele. Mgonjwa hujifukiza kwa mvuke wake. Kijiti chake ni mswaki. Majani makavu hutiwa ghalani kuzuia fukusi, na jambo hili si upuzi: mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza walitenga katika mbegu zake azadiraktini, kitu kiwazuiacho nzige wasile. Hata hivyo tuwe na hadhari, kwani mafuta ya mbegu yamepata kuwaua watoto wachanga walionyweshwa.

Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliwapa serikali ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace haki ya peke yao juu ya njia ya kuua kuvu za mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Mti huru ukawa kama umetiwa kamba. Vandana Shiva wa Uhindi na wenzake wakapinga. Mhindi mmoja, mwenye kazi ya kutengeneza dawa za mimea, akaja kushuhudia kwamba njia ile ilikwisha kutumiwa kwao kabla. Mwaka 2000 hataza ikafutwa, kwa kuwa jambo lile halikuwa jipya. Rufani nayo ikashindwa mwaka 2005.

Walimu wenzangu, tuangalie kilichoshinda. Sifa ya mti ilivuma tangu kale, lakini neno lililokata shauri lilikuwa la shahidi aliyeweza kusema lilifanyika lini na wapi. Wazee wetu wanazo habari za miti mingi isiyovuma kama mwarobaini, nao wanatutoka mmoja mmoja. Tuandike jina la mti, sehemu itumikayo, kipimo chake, na siku tuliyoambiwa. Tusipoandika, shahidi wetu atakuwa nani?