Upigaji Picha wa Seli katika Utafutaji wa Dawa: Soko Lake na Mchango Wake katika Tiba ya Malaria

Kila dawa mpya inayosajiliwa huanza ikiwa moja kati ya maelfu ya kemikali ambazo hakuna ajuaye kama zina manufaa kwa mgonjwa. Tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya kazi ya kuzichambua kemikali hizo imekuwa ikifanywa kwa hadubini zinazojiendesha zenyewe, zenye kupiga picha za seli usiku na mchana, na kwa programu za kompyuta zinazozisoma picha hizo badala ya jicho la mtafiti. Kutokana na kazi hiyo limezaliwa soko la kimataifa la mashine, vitendanishi, programu na huduma. Wanunuzi wake wakuu ni kampuni za dawa na vyuo vikuu vya Marekani, Ulaya na Asia, lakini matokeo ya ununuzi huo hufika hadi katika zahanati za vijijini Afrika Mashariki, hasa pale dawa inapoanza kushindwa na vimelea.

Namna kazi inavyofanyika

Seli hupandwa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, 384 au 1,536. Vipimo vya nje vya sahani hizo vimewekewa kiwango kimoja, takribani milimita 128 kwa 85, ili sahani ya kiwanda kimoja iingie katika mashine ya kiwanda kingine. Roboti hudondosha kemikali moja katika kila kishimo, na seli huachwa kwa saa kadhaa au siku. Baada ya hapo hutiwa rangi zinazong'ara zinapomulikwa: moja hushika kiini cha seli, nyingine utando, nyingine sehemu zinazozalisha nishati. Hadubini hupita kishimo kwa kishimo ikipiga picha, na programu hupima ukubwa wa kila seli, umbo lake, mng'aro wake na mamia ya sifa nyingine.

Njia iliyotangulia, ambayo bado inatumika sana kwa sababu ni nafuu, huchukua kipimo kimoja tu cha mwanga kwa kishimo kizima. Kipimo hicho ni wastani. Hakiwezi kueleza kama seli zote zimedhoofika kidogo au kama nusu zimekufa na nusu ziko salama, na kwa mtafuta dawa hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Picha hutenganisha seli moja na nyingine.

Msingi wa kisayansi wa teknolojia hii umetambuliwa kwa tuzo za juu kabisa. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2008 ilitolewa kwa Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien kwa kazi yao juu ya protini ya kijani inayong'ara, iliyopatikana kwanza kwa yavuyavu wa baharini, ambayo sasa hutumika kuangaza sehemu za seli zilizo hai. Ile ya mwaka 2014 ilikwenda kwa Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner, waliowezesha hadubini ya mwanga kuona vitu vidogo kuliko mpaka uliodhaniwa kuwa hauwezi kuvukwa.

Wauzaji na namna walivyokusanyika

Kampuni inayotajwa kuwa mwanzilishi wa soko hili ni Cellomics, iliyoanzishwa mjini Pittsburgh, Marekani, mwaka 1996. Mwaka 2005 ilinunuliwa na Fisher Scientific, nayo Fisher mwaka uliofuata ikaungana na Thermo Electron na kuwa Thermo Fisher Scientific. Mwelekeo huo wa wadogo kumezwa na wakubwa haujakoma. PerkinElmer ilichukua mashine za Opera kutoka kwa Evotec Technologies ya Ujerumani mwaka 2007, na tangu mwaka 2023 biashara hiyo inaitwa Revvity. Danaher, ambayo tayari ilikuwa na Leica Microsystems, ilinunua Molecular Devices mwaka 2010. Sartorius ilinunua Essen BioScience, watengenezaji wa Incucyte inayopiga picha seli zikiwa bado ndani ya kabati la joto, mwaka 2017 kwa dola za Marekani milioni 320. Agilent ilitoa dola bilioni 1.165 kwa ajili ya BioTek mwaka 2019. Kutoka Japani yupo Yokogawa.

Kwa mnunuzi wa taasisi ya umma, historia hii si habari za masoko ya hisa tu. Mashine ya aina hii hukaa maabara kwa miaka kumi au zaidi, na katika muda huo jina lililo kwenye kifuniko chake linaweza kubadilika mara mbili. Anayefaa kuulizwa kuhusu vipuri, mafundi na masasisho ya programu ni mmiliki wa sasa, na swali hilo huulizwa vyema kabla ya mkataba kutiwa saini.

Aidha, bei ya mashine ni sehemu tu ya gharama. Rangi, kingamwili, sahani na chakula cha seli hununuliwa upya kwa kila jaribio, na vingi kati ya hivyo husafirishwa katika ubaridi. Muuzaji hupata mapato ya kudumu kutokana na bidhaa hizo, kama vile mwenye kituo cha mafuta anavyopata zaidi kutoka kwa pikipiki moja kwa miaka mitano kuliko aliyeiuza. Zipo taasisi duniani ambazo zimepokea mashine nzuri kwa msaada na kuiacha ikae chini ya turubai kwa kukosa bajeti ya vitendanishi.

Kwa nini kampuni za dawa hulipa

Sababu kubwa ni kwamba kutafuta dawa kumezidi kuwa ghali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 na Jack Scannell na wenzake ulionyesha kuwa idadi ya dawa mpya zinazoidhinishwa nchini Marekani kwa kila dola bilioni moja ya utafiti ilipungua kwa nusu takribani kila baada ya miaka tisa tangu 1950. Makadirio ya Chuo Kikuu cha Tufts ya mwaka 2016 yaliweka gharama ya dawa moja iliyofanikiwa, pamoja na zile zilizoshindwa njiani, katika dola bilioni 2.6.

Kwa miaka mingi kampuni zilitafuta dawa kwa kuchagua protini moja na kuipiga kwa kemikali hadi ipatikane inayoizuia. David Swinney na Jason Anthony, katika utafiti wa mwaka 2011, walizitazama dawa 75 za aina mpya kabisa zilizoidhinishwa kati ya 1999 na 2008. Walikuta 28 zilitokana na kutazama mabadiliko katika seli au kiumbe kizima, na 17 tu zilitokana na kulenga protini iliyochaguliwa mapema. Hoja hiyo iliwapa wauzaji wa hadubini sababu nzuri ya kubisha hodi.

Msukumo mwingine umetoka katika sheria. Desemba 2022 Marekani iliondoa sharti la kisheria la kila dawa kupimwa kwanza kwa wanyama kabla ya kujaribiwa kwa binadamu, na Aprili 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitangaza mpango wa kupunguza majaribio hayo hatua kwa hatua. Mahali pa mnyama panapopunguzwa, mara nyingi seli za binadamu na picha zake ndizo hutegemewa.

Mfano wa malaria

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni wa malaria. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 ugonjwa huu uliwapata watu wapatao milioni 263 na kuua takribani 597,000, walio wengi wakiwa watoto wa Afrika. Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya ALu kuwa tiba ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya vimelea kuizoea SP. Sasa vimelea vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayochelewesha kazi ya artemisinin vimeripotiwa Rwanda, kaskazini mwa Uganda na mkoani Kagera. Dawa mseto bado inaponya, na dozi inapaswa kumalizwa kama ilivyoelekezwa. Lakini usugu wa SP haukuja kwa siku moja, na mbadala wa ALu hauwezi kutengenezwa kwa mwaka mmoja.

Kupata kemikali zinazoua vimelea vilivyo katika damu si kazi ngumu sana. Mwaka 2010 kituo cha GSK cha Tres Cantos, Hispania, kilitangaza kwamba baada ya kupima karibu kemikali milioni mbili kilikuwa kimepata 13,533 zenye uwezo huo, na kikaziweka wazi kwa watafiti wote. Ugumu uko kwenye ini. Mbu anapomuuma mtu, vimelea hukimbilia kwanza ini na kukua humo kabla ya kuingia katika damu, na katika maabara seli chache sana za ini hukubali kuambukizwa. Kipimo cha kishimo kizima huziona seli nyingi zilizo salama na kuwapoteza wagonjwa wachache katikati yao.

Hapo ndipo picha ilipoonyesha thamani yake. Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya Novartis ya San Diego na washirika wao walieleza katika jarida la Science jinsi walivyoambukiza seli za ini vimelea vya malaria ya panya, wakavitia rangi, na kuiacha hadubini imtafute kila kimelea na kumpima ukubwa. Walipitisha humo zaidi ya kemikali 4,000 ambazo tayari zilijulikana kufanya kazi katika damu, na kati yake wakaona kundi lililoshambulia vimelea katika hatua zote mbili. Kutoka katika kundi hilo ilitokea ganaplacide.

Ganaplacide iliunganishwa na lumefantrine, ambayo ni moja ya sehemu mbili za ALu, na kupelekwa katika majaribio ya awamu ya tatu yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 1,600, watu wazima na watoto, katika nchi 12 za Afrika. Novemba 2025 Novartis ilitangaza kuwa dawa hiyo iliponya asilimia 97.4 ya wagonjwa, ikilinganishwa na asilimia 94.0 kwa tiba ya kawaida, na kwamba ingewasilisha maombi kwa mamlaka za udhibiti. Humezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu, ilhali ALu ni mara mbili kwa siku. Kutoka picha za San Diego hadi tangazo hilo ni miaka 14.

Si kila njia ilifika. Kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichoanzishwa mwaka 2010 na Profesa Kelly Chibale, kilianzia kwenye kemikali zilizochujwa katika Chuo Kikuu cha Griffith nchini Australia na kuendeleza kiambata kilichoitwa MMV048. Kilifika hadi kwa wagonjwa nchini Ethiopia, kisha kikasimamishwa kwa sababu za usalama zilizoonekana katika majaribio ya wanyama. Kilichobaki ni kikosi cha wanasayansi wa Kiafrika wanaojua kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo ni zaidi ya ambacho fedha za mashine zingeweza kununua.

Ahadi za akili unde na deni la zamani

Tangu mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Broad, Marekani, wamekuwa wakitumia rangi sita kwa pamoja kuchora sehemu nane za seli, kisha kuiachia kompyuta itafute kemikali zinazofanana kwa alama zinazoacha. Kampuni ya Recursion ya Salt Lake City ilijengwa juu ya wazo hilo, ikaingia katika soko la hisa mwaka 2021, na mwaka 2023 ikapokea dola milioni 50 kutoka Nvidia. Hata hivyo, dawa yake ya kwanza kutokana na picha za seli, REC-994 ya ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo, iliachwa Mei 2025 baada ya dalili njema za awali kutothibitika kwa wagonjwa waliofuatiliwa muda mrefu zaidi. Seli iliyo kwenye sahani haina figo, haina homoni za mwenye mwili, wala haizeeki kama yeye.

Seli zenyewe zina wenyewe. Zile zinazoitwa HeLa, ambazo zimepita chini ya hadubini nyingi kuliko nyingine zote, zilichukuliwa mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins kutoka kwa Henrietta Lacks, mama mwenye asili ya Afrika, bila idhini yake. Agosti 2023 familia yake ilifikia makubaliano na Thermo Fisher, iliyokuwa ikiuza bidhaa zitokanazo na seli hizo. Masharti yake hayakuwekwa wazi. Nchi inayokusanya sampuli za wagonjwa kwa ajili ya utafiti ina sababu ya kuisoma kesi hiyo kabla ya sampuli kusafirishwa nje.

Kuingia katika uwanja huu hakuhitaji kuanza na mashine. Programu ya CellProfiler, iliyotolewa mwaka 2005 na kuendelezwa chini ya Anne Carpenter, hupakuliwa bila malipo. Shirika la Medicines for Malaria Venture limewahi kugawa kwa watafiti, bila malipo pia, visanduku vyenye kemikali 400 zilizochaguliwa. Aidha, muungano wa JUMP, unaoongozwa na Taasisi ya Broad pamoja na kampuni kubwa za dawa, umeweka hadharani picha za seli zilizotiwa zaidi ya kemikali 116,000. Ukubwa wa hazina hiyo unapita terabaiti 100, hivyo chuo kinachotaka kuitumia kitahitaji kwanza mtandao imara, mahali pa kuhifadhi na wataalamu wa takwimu.