Kuzidisha kwa Kujumlisha

Kiangazi cha mwaka 1615, Henry Briggs, aliyekuwa akifundisha jiometri katika Chuo cha Gresham jijini London, alifunga safari ndefu hadi Edinburgh kumwona mtu aliyemjua kwa kitabu chake. Mnajimu William Lilly alisimulia baadaye kwamba wawili hao walipokutana walitazamana karibu robo saa nzima, hakuna aliyefungua kinywa. Huenda kisa kimetiwa chumvi. Kilichomsafirisha Briggs ni kweli tupu: kitabu kilichochapishwa mwaka 1614, kurasa kwa kurasa za namba, chenye kuonyesha jinsi kuzidisha kunavyoweza kugeuzwa kuwa kujumlisha.

Mwenyeji wake, John Napier, hakuwa profesa. Alikuwa kabaila wa Merchiston mwenye mashamba, aliyekwisha kujipatia jina mwaka 1593 kwa kufasiri Ufunuo wa Yohana na kumshambulia Papa. Hesabu alizifanya nyumbani, kwa takriban miaka 20.

Shida aliyotaka kuiondoa ilikuwa ya wanafalaki na mabaharia. Anayezidisha kwa mkono namba mbili zenye tarakimu saba hufanya vizidisho vidogo 49 kabla hata hajaanza kujumlisha, na akikosea kimoja tu jibu zima limeharibika. Anayezijumlisha namba hizohizo anamaliza kwa hatua saba.

Siri yenyewe ilikuwa ya kale. Katika safu ya 2, 4, 8, 16, 32, namba 8 ni 2 kwa kipeo cha 3, na 32 ni 2 kwa kipeo cha 5. Anayetaka 8 mara 32 hujumlisha 3 na 5, kisha husoma namba ya nane katika safu: 256. Kipeo hicho ndicho logi. Kanuni zinazokaririwa shuleni zimo humo zote: kuzidisha kunakuwa kujumlisha, kugawanya kunakuwa kutoa, na anayetafuta kipeuo cha pili hugawanya logi kwa 2, basi.

Mjerumani Michael Stifel aliyaona hayo mwaka 1544. Ila safu yake ina mapengo: kati ya 8 na 16 hakuna kitu, na baharia hawezi kuchagua namba za kuzidisha. Napier aliyaziba mapengo kwa ujanja wa ajabu. Alianza na 10,000,000, akawa kila hatua anapunguza sehemu moja tu kati ya milioni kumi ya namba aliyonayo, hata namba zikafuatana bila nafasi ya kupita sindano.

Briggs aliupenda ufundi huo, lakini majedwali ya Napier yalikuwa na usumbufu: logi ya 1 haikuwa sifuri. Wakakubaliana kuanza upya kwa msingi wa 10. Napier alifariki mwaka 1617, na mzigo ukabaki kwa Briggs, ambaye mwaka 1624 alichapisha logi za namba 30,000, kila moja ikiwa na tarakimu 14 baada ya nukta. Wingi huo wa tarakimu haukuwa mbwembwe. Aliyewahi kupekua kitabu cha majedwali ya tarakimu nne anajua: logi ya 2 ni 0.3010 na ya 3 ni 0.4771, jumla yake ni 0.7781, ilhali jedwali linasema logi ya 6 ni 0.7782. Tarakimu ya mwisho si ya kuaminiwa.

Na ndani ya jedwali la Napier ilijificha namba ambayo yeye mwenyewe hakuitaja. Mtu akirudia hatua yake ile mara milioni kumi, hubakiwa na namba ya awali iliyogawanywa kwa karibu 2.718.

Namba hiyo ilibisha hodi tena kwa mlango wa fedha. Mwaka 1683 Jacob Bernoulli, wa Basel huko Uswisi, alijiuliza kuhusu riba juu ya riba. Shilingi moja ikikopeshwa kwa riba ya asilimia 100, mwisho wa mwaka ni 2. Riba ikihesabiwa kila nusu mwaka, ni 2.25, kila mwezi, 2.613, kila siku, 2.7146. Mkopeshaji mwenye tamaa angedhani akihesabu kila dakika atatajirika. Wapi! Bernoulli alionyesha kwamba kuna ukomo, nao uko kati ya 2 na 3. Napier alipunguza kidogo kidogo, mkopeshaji anaongeza kidogo kidogo, na wote wawili wanaishia kwenye namba ileile.

Mwanahisabati Leibniz aliiita b mwaka 1690. Herufi e aliitia Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel pia, katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Christian Goldbach mwaka 1731. Mwaka 1748 aliichapisha kitabuni kwa tarakimu 18 baada ya nukta, na katika kitabu hichohicho akaieleza logi kuwa ni kipeo tu. Maelezo hayo, ambayo mwanafunzi wa leo huyapata siku ya kwanza ya somo, yaliandikwa hivyo miaka 134 baada ya jedwali la Merchiston.