Jiko Liliitwa Maendeleo, Moshi Ukabaki

Wasee, lile jiko la kuni kule ocha kwa shosho lina historia. Miaka ya 1980, Maendeleo ya Wanawake na GTZ ya Ujerumani walilisambaza kwa jina Maendeleo. Baadaye likaitwa Upesi. Ndani ni silinda ya udongo uliochomwa, nje mawe na matope. Ukiwasha kabla matope hayajakauka, yanapasuka.

Hofu ilikuwa misitu kuisha, na kuni zilipungua kweli. Bomba la moshi je? Halikuwepo! Mimi naona wakubwa walihesabu miti, wakasahau mapafu ya mathe.

Basi ukienda ocha, pasua kuni ndogo, zianike, usijaze mdomo wa jiko, fungua dirisha. Moshi ukizidi, hizo kuni bado mbichi.