Watu wa Mpakani: Upatanisho wa Ulaya Utazamwapo Kutoka Buha

Sisi wa Buha twajua vema maana ya mpaka uliochorwa na wageni. Mwezi wa Julai 1916 askari wa Wabelgiji waliwaondoa Wadachi katika Kigoma, wakaitawala nchi hii hata mwaka 1921, ndipo ikakabidhiwa Waingereza. Urundi ikabaki kwa Wabelgiji. Tangu hapo Muha wa Kasulu au Kibondo na Mrundi wa ng'ambo, ambao husemezana pasipo mkalimani, wakawa watu wa serikali mbili. Naanza na jambo hili kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi na walimu wenzangu: Je, Wakristo wa Ulaya walifanya kazi gani katika kuwapatanisha mataifa yao waliouana mara mbili katika umri wa mtu mmoja? Nami naona mtu wa mpakani hulifahamu jibu upesi kuliko wengine.

Aibu itangulie. Katika vita ya 1914 Wadachi waliwafunga wamisionari Waingereza wa CMS na UMCA, na wengi wao wakawekwa Tabora hata Wabelgiji walipoutwaa mji ule tarehe 19 Septemba 1916. Walimu Waafrika wa misioni hizo walifungwa vilevile, nao waliteswa kuliko Wazungu, kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi. Kisha ikawa zamu ya Wadachi kufukuzwa, wala hawakupewa ruhusa ya kurudi ila tangu mwaka 1925. Wote hao walihubiri Injili moja, na wenyeji waliwatazama.

Lakini katika aibu ile palikuwa na mbegu njema. Waskoti wa Livingstonia walizilinda misioni za Kidachi za nyanda za juu za kusini. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walizitunza misioni za Leipzig za Kilimanjaro; wenyewe waliporudi, wakawarudishia, wakaenda Iramba kuanza kazi mpya. Vita ya 1939 ilipowafunga Wadachi tena, Augustana wakaitwa tena kutunza. Mali ya adui haikufanywa nyara. Na katika nyakati zote mbili waliokesha na makanisa siku kwa siku, kufundisha na kuzika wafu, walikuwa walimu na wazee wa nchi hii, ingawa majina yao hayakuandikwa sana vitabuni.

Hapa lugha yetu yatusaidia. Neno suluhu tumelipokea kwa Waarabu. Suluhu huweza kuletwa na mtu wa tatu, hata wagomvi wakiwa bado wameuma meno. Patana ni neno letu wenyewe, nalo latoka katika pata: mmoja ampata mwenziwe, naye apatwa naye. Kuungama ni jambo jingine tena, maana mtu huungama yaliyo yake, si ya mwenziwe. Ng'ambo ya mpaka Warundi wana wazee waitwao abashingantahe, yaani wanaoisimika ntahe, fimbo ya haki. Kazi yao ni kusikiliza ukweli kabla ya kuamua.

Katika Ulaya ungamo lilitangulia. Oktoba 1945, katika mji wa Stuttgart uliobomolewa kwa mabomu, wakuu wa kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani, na Martin Niemöller miongoni mwao, walikiri mbele ya wajumbe wa makanisa ya nchi nyingine hatia ya taifa lao. Ungamo lile lilikuwa na upungufu, kwa kuwa halikuwataja Wayahudi. Hata hivyo Wajerumani wengi walilikasirikia. Lakini mlango ulifunguliwa. Mwaka 1965 maaskofu wa Poland, ambao nchi yao ilidhulumiwa mno, waliwaandikia maaskofu wa Ujerumani kuwapa msamaha na kuuomba kwao pia. Serikali yao wenyewe ikawakaripia.

Kati ya miaka hiyo walisimama watu watatu, Wakatoliki wote. Robert Schuman alizaliwa Luxembourg mwaka 1886, akawa raia wa Ujerumani hata Lorraine iliporudishwa kwa Ufaransa baada ya vita ya kwanza. Alcide De Gasperi alizaliwa Trentino zamani za Austria, akaketi katika baraza la Vienna kabla ya kuwa waziri mkuu wa Italia. Konrad Adenauer alikuwa mtu wa Köln, ukingoni mwa mto Rhein. Kijerumani walikijua wote watatu. Tarehe 9 Mei 1950 Schuman alitangaza shauri la kuweka makaa na chuma cha Ufaransa na Ujerumani chini ya mamlaka moja, maana bila hivyo mizinga haifanyiki. Mwaka uliofuata nchi 6 zikatia sahihi. Hawakungoja watu wapendane kwanza. Walimfunga kila mmoja kwa mkate wa mwenziwe.

Nasi je? Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na makundi makubwa yakamiminika Kibondo na Kasulu; kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, kwanza kwa Wakongo. Tarehe 30 Aprili 1997 wauaji waliingia seminari ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Walikataa. Vijana 40 wakauawa pamoja. Siioni habari ya Ulaya inayoipita hiyo.

Mwalimu Nyerere, Mkristo wa nchi yetu, alisimamia mazungumzo ya Arusha hata kufa kwake Oktoba 1999, na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Yaliagiza pawe na tume ya kutafuta ukweli na kupatanisha. Tume hiyo iliundwa mwaka 2014. Sisemi kwamba kuchelewa huko ndiko kulikoleta yaliyofuata, maana sababu zilikuwa nyingi. Ila mwaka 2015 Warundi walivuka tena kwa maelfu, na kambi ya Nduta katika Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa tena.